Betri Nne za Shule Yetu

Tangu taa za vyumba vya maandalio zilipoanza kufifia muhula uliopita, wenzangu wengi wamekuwa wakinisimamisha njiani na kuniuliza habari za betri. Wengine huniuliza bwaloni nikiwa na sahani mkononi. Mhariri ameona afadhali niandike mara moja wasome wote, na wazazi nao wapate kujua fedha zao zilivyookoka. Nimekubali, ijapokuwa mimi si fundi, na kalamu yangu si nyepesi. Haya ni yale niliyoyaona kwa macho yangu nilipokuwa mmoja wa wanafunzi sita waliochaguliwa na mwalimu wetu wa fizikia kwenda kupima, pamoja na yale aliyotueleza.

Shule yetu, kama wazazi wajuavyo, haina umeme wa nguzo. Juu ya paa la maabara kuna paneli nne za sola, kila moja ya wati 250, na nyuma ya ghala ya chakula kuna kibanda chenye betri nne kubwa za risasi na tindikali. Kila betri ni ya volti 12 na ampea-saa 200. Hizo ndizo ziwashazo taa ndefu 24 za vyumba viwili vya maandalio, kuanzia saa moja jioni hata saa nne na nusu usiku. Sisi wa Kidato cha Nne tu 58, na mtihani wa taifa ni mwezi wa Novemba. Kitabu cha kemia ni kimoja kwa wanafunzi watano. Mchana kikiwa mikononi mwa mwenzako, huna la kufanya ila kungoja zamu yako, na zamu za wengi wetu huangukia usiku.

Basi mwezi wa Juni taa zikaanza kuzima saa tatu. Mwezi wa Julai zikazima saa mbili na robo, kabla mtu hajamaliza hata swali moja la hesabu. Wasichana wakawa wanarudi bwenini gizani kwa njia ile ya kando ya shamba la mihogo, ambako nyoka wameonekana mara mbili mwaka huu. Mwenzetu mmoja alifanya urafiki na mpishi kwa ajili ya tochi ya simu yake tu. Sisi tulicheka, lakini yeye alisoma.

Fundi aliitwa. Akatazama, akagonga betri kwa bisibisi, akasema zote zimekwisha, zinunuliwe nne mpya. Bei ya moja ni shilingi 650,000; nne ni 2,600,000. Shule ina wanafunzi 260, hivyo kila mzazi angetakiwa kutoa shilingi 10,000. Katika karatasi ya hesabu hizo si fedha nyingi. Lakini mama yangu huuza karanga kwa kikombe sokoni, nami ninazo ndugu wawili katika shule hii. Elfu thelathini ni karanga za siku nyingi sana, na siku nyingine huwa hakuna mnunuzi.

Yafaa nieleze jambo lililotangulia. Mwezi wa Januari betri moja kati ya zile nne ilipasuka gamba. Fundi huyo huyo alileta mpya akaitia mahali pake, katikati ya tatu zilizokuwa zimekwisha tumika miaka mitatu. Mwalimu alimwuliza kama ni sawa kuchanganya. Akajibu, "Hamna neno, Mwalimu, mpya itazivuta kuukuu."

Neno hili ni tamu masikioni, na ndiyo sababu watu hulikubali upesi. Katika ukoo wetu ni kweli: kijana mwenye nguvu humshika mkono mzee wake wakafika pamoja. Ng'ombe wa plau ndivyo wafundishwavyo, mchanga hufungwa nira na mzoefu. Lakini waya haujui huruma, na mimi naona makosa mengi ya mafundi hutokana na kuvifikiria vitu kana kwamba ni watu.

Mkutano wa wazazi ulipofanyika mwishoni mwa Julai, mwalimu wa fizikia alimwomba Mkuu wa Shule muda wa wiki mbili kabla mchango haujatangazwa. Akapewa. Wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wasichezee umeme wa sola, lakini mchango ukasimamishwa.

Kabla sijasimulia tulivyopima, hapana budi nieleze jinsi betri zinavyofungwa pamoja. Bila hilo tarakimu zote zitakuwa kama Kichina. Betri mbili zikifungwa kwa mfululizo, yaani ncha chanya ya moja ishikane na ncha hasi ya nyingine, volti hujumlika: 12 na 12 ni 24. Ampea-saa hazijumliki, hubaki 200. Zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki 12 na ampea-saa huwa 400. Akiba ya nguvu ni ile ile kwa njia zote mbili, hakuna uchawi wa kuzidisha. Za shule zilifungwa kwa njia zote mbili kwa pamoja: mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili zikawekwa sambamba. Tuliziandika kwa chaki. Jozi ya kwanza A na B, jozi ya pili C na D. D ndiyo ile mpya ya Januari.

Watu wengi huishia hapo, kwenye kujumlisha volti. Shida yenyewe imo katika kuchaji.

Katika mfululizo mkondo ni mmoja. Ampea zinazopita katika betri ya kwanza ndizo hizo hizo zinazopita katika ya pili, hazina njia nyingine. Mwalimu alitupa mfano wa uji. Wavulana wawili wameamriwa kunywa kikombe kwa kikombe: akinywa huyu, lazima na yule anywe. Mmoja tumbo lake ni dogo. Atashiba mapema, lakini mwenzake bado ana njaa, basi vikombe vitaendelea kuja, na mwenye tumbo dogo atakunywa mpaka atapike. Na mpishi akiwahurumia wenye kutapika akaacha kumimina, mwenye njaa atalala na njaa.

Tena kuna kidhibiti cha chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni kutazama volti na kuzuia chaji isizidi. Lakini hakioni betri moja moja. Huona jumla ya jozi tu. Kikisoma volti 28.8, yaani 14.4 mara mbili, huridhika kwamba mambo ni mema. Ni kama mwalimu anayetazama wastani peke yake: mmoja kapata 100, mwenzake kapata 20, wastani ni 60, darasa limefaulu.

Sambamba ni habari nyingine. Ni kama mapipa mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba chini. Maji yatatafuta usawa wake, kila moja litajaa kwa kadiri yake, hapana ugomvi. Lakini pipa moja likitoboka, yote mawili yatakauka.

Jumamosi ya pili ya Agosti, saa sita mchana, jua likiwa utosini, tukaenda kibandani. Mlango uliachwa wazi tangu asubuhi, maana betri ya risasi ikichajiwa sana hutoa haidrojeni, na hewa hiyo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Tulivua saa na pete, tukavaa miwani ya maabara, funguo za nati zikazungushiwa utepe mpaka karibu na mdomo. Ndoo ya maji na magadi iliwekwa kando kwa ajili ya tindikali, ikimrukia mtu. Tulipofika mlangoni tulipokewa na harufu ya mayai yaliyooza.

Tulipima kila betri peke yake, jambo ambalo kwa miezi saba halikuwa limefanywa na mtu yeyote. A ilisoma volti 14.4. B ikasoma 14.4. C ikasoma 13.1. D, ile mpya, ikasoma 15.7, nayo ilikuwa ya moto, inatokota kama sufuria ya maharage. Jumlisha jozi ya kwanza: 28.8. Jumlisha jozi ya pili: 28.8. Kontrola ukutani ilikuwa inawaka taa yake ya kijani kwa furaha.

Mwalimu hakutuambia kitu. Alituuliza tu: "Betri ya volti 12 ina vyumba vingapi ndani?" Tukajibu sita, kila kimoja volti mbili hivi. Akasema tugawanye. D, 15.7 kwa sita, ni kama 2.62. C, 13.1 kwa sita, ni 2.18. Haikulingana. Msichana mmoja wa kundi letu, ambaye sitamtaja kwa kuwa hapendi, akasema, "Mwalimu, jaribu C kwa tano." Tukagawanya: 2.62. Sawasawa kabisa na D.

Nitakumbuka kimya cha dakika ile. C ilikuwa na chumba kimoja kilichokufa. Jozi ile haikuwa na vyumba kumi na viwili tena bali kumi na kimoja, na volti zote 28.8 zilikuwa zinasukumwa katika hivyo kumi na kimoja. Kila chumba kilicho hai kilipokea 2.62 badala ya 2.4. Kwa betri ya namna hii 2.4 ndiyo mpaka ambapo maji huanza kuchemka yakageuka hewa. Kwa hiyo D, iliyo changa na nzima, ilikuwa inakaushwa kila siku ya jua kwa ajili ya ubovu wa jirani yake. Tulipofungua vifuniko vyake maji yalikuwa chini ya mabamba. Hivyo ndivyo mpya ilivyozivuta kuukuu.

Lakini A na B zilikuwa zina kosa gani, hata nazo zikawa tupu jioni? Tulingoja jua lizame. Saa moja na nusu, kabla taa hazijawashwa, tukazuia umeme usiende kokote, kisha mwalimu akabana mita juu ya waya uunganishao jozi mbili. Ampea tano zilikuwa zinapita kutoka A na B kwenda C na D, na hapakuwa na taa hata moja iliyowaka. Jozi yenye vyumba kumi na kimoja volti zake ni chini ya mwenzake, basi pipa zima lilikuwa linamwagikia lililotoboka usiku kucha. Tulizitenga zote tukazilaza. Asubuhi A na B zikasoma 12.5 kila moja, D 12.7, na C 10.5, ambayo ni tano mara 2.1. Kipimo cha kuelea cha tindikali kikatoa ushahidi wa mwisho: vyumba vitano vya C vilisoma 1.230, cha sita 1.100, karibu maji matupu.

Kuna kosa la pili tulilolikuta, dogo kuliko hilo, nalo nalitaja upesi kwa ajili ya wenye sola majumbani. Nyaya zote mbili za kwenda kontrola, chanya na hasi, zilikuwa zimeshikwa kwenye jozi ya kwanza. Jozi iliyo karibu hupata mkondo mwingi kuliko iliyo mbali, kwa kuwa kila kipande cha waya kina ukinzani wake. Yafaa chanya itoke jozi ya kwanza, na hasi itoke jozi ya mwisho, njia ya kila jozi iwe na urefu mmoja. Kusahihisha hakugharimu hata senti.

Niliporudi darasani niliona ajabu kwamba mambo haya ni ya zamani sana. Volta wa Italia alipopanga visahani vyake vya zinki na shaba mwaka 1800, kimoja juu ya kingine na kitambaa cha maji ya chumvi katikati, alikuwa anafunga kwa mfululizo. Gaston Planté wa Ufaransa alibuni betri ya risasi mwaka 1859, ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena na tena. Naye alikuwa akizichaji seli zake nyingi zikiwa sambamba, kwa betri ndogo tu, kisha akazigeuza kuwa mfululizo alipotaka volti kubwa. Sambamba wakati wa kula, mfululizo wakati wa kazi. Mtu huyo nampenda.

Na msomaji asidhani kwamba haya ni ya betri za risasi peke yake. Seli nyingi za lithiamu, kama zilizomo katika simu, hujaa zikifika volti 4.2, na hazistahimili kuzidishiwa, maana hazina maji ya kuchemka yakapunguza pigo. Huweza kushika moto. Kwa hiyo betri ya pikipiki ya umeme au ya kompyuta, yenye seli nyingi katika mfululizo, hutiwa kibao kidogo cha elektroniki kinachopima kila kundi la seli peke yake na kukata chaji mara moja likizidi. Kibao hicho hufanya kila dakika kazi tuliyoifanya sisi kwa mkono Jumamosi moja.

Mkutano wa pili wa wazazi ulikuwa tarehe 20 Agosti. Niliagizwa nieleze tarakimu ubaoni. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliniuliza swali ambalo naona lilikuwa bora kuliko yote: "Mwanangu, kama C ndiyo mbovu, na D ni nzima, kwa nini msiifunge D na A, mkapata jozi moja nzuri, tusitoe kitu?" Nilimwamkia, nikamwambia kwamba A imekwisha tumika miaka mitatu, tumeijaribu kwa taa ikatoa ampea-saa kama 150 tu, na D ni ya 200. A itashiba mapema na D itabaki na njaa. Baada ya miezi michache tutarudi ukumbini hapa hapa. Akafikiri, akasema, "Basi umri uende na umri." Wazazi wakacheka, lakini ndivyo ilivyoamuliwa.

A na B zitabaki jozi, zihudumie chumba kimoja kwa paneli mbili. D itatafutiwa mwenzake mpya wa kampuni ile ile na ukubwa ule ule, nao wahudumie chumba cha pili kwa paneli mbili zilizobaki na kontrola yao wenyewe, ili jozi kuukuu na jozi changa zisinyang'anyane usiku. Betri moja ni 650,000; kontrola na nyaya ni 260,000. Jumla ni shilingi 910,000, yaani 3,500 kwa kila mwanafunzi. Mama hakuweza kuja. Nilimpigia kwa simu ya mwalimu wa zamu, akaniuliza mara mbili, "Una hakika?" Nikamwambia tumepima. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ninakula vizuri.

C imewekwa nyuma ya kibanda, imefunikwa turubai. Nawaomba wadogo zetu wasiivunje kutafuta risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa wanajua, kwa kuwa karibu yao palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na damu za watoto wao zikakutwa na risasi. C itauzwa ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali.

Sasa hivi tunatumia A na B peke yake. Taa zinazowaka ni 12 badala ya 24, maana tukiwasha zote tutazinyonya mpaka chini na kuziua nazo. Kidato cha Nne na Kidato cha Pili, wote wenye mitihani, tunabanana chumba kimoja, wengine wameketi juu ya ndoo. Kidato cha Kwanza na cha Tatu hulala mapema, na si kwa kupenda. Najua wengine wametukasirikia, na wana haki. Lakini taa haijazima kabla ya saa nne na nusu tangu tarehe 22 Agosti.

D ilitiwa lita mbili na nusu za maji yaliyotoneshwa, si ya kisima na wala si tindikali, ikachajiwa peke yake siku mbili. Tunaipima kila Jumamosi. Hadi leo inashika volti 12.6 baada ya kulala usiku, ingawa mwalimu asema hatutajua hasara yote aliyopata mpaka iwekwe kazini. Mwenzake atafika mwishoni mwa Septemba. Kwanza zitakaa sambamba usiku mzima zisawazike, ndipo zifungwe kwa mfululizo. Kazi hiyo itafanywa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa nne asubuhi. Wanaotaka kutazama wanakaribishwa, wanafunzi na wazazi pia. Wavue pete na saa, wasimame upande wa mlangoni, na asije mtu na kiberiti mfukoni.